Mume Wangu Ni Askari Polisi, na Mimi Nimeitwa Kwenye Juri

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi katika mji mmoja wa katikati ya England kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na bado natumia pasipoti ya nyumbani. Nimeletewa barua ya kuitwa kwenye juri katika Crown Court ya hapa, yaani mahakama ya makosa makubwa ya jinai. Mume wangu ni konstebo wa polisi katika kaunti hii hii. Je, wana haki ya kuniita mimi nisiye raia? Je, ndoa yangu inanizuia? Na ni lazima niseme habari za mume wangu, au ningoje niulizwe? Shemeji yangu anasema nikitaja tu neno polisi nitarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. (Mama Zuhura)

Jibu: Mama Zuhura, nianze na uraia, kwa kuwa ndilo swali jepesi. Majina ya wanaoitwa kwenye juri, yaani lile kundi la watu 12 wa kawaida (wajumbe) wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, katika England na Wales huchotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wapiga kura, na Sheria ya Juri ya mwaka 1974 haiulizi pasipoti. Inauliza kama umo katika daftari hilo, kama una umri wa miaka 18 hadi 75, na kama umeishi Uingereza kwa angalau miaka 5 tangu ulipotimiza miaka 13. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi huandikishwa kupiga kura hapa, na ndiyo maana Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anaweza kupata barua hiyo ilhali jirani yake aliyetoka Bujumbura au Bukavu na hajachukua uraia, hata kama ametangulia kufika, haipati. Umeitwa kihalali, basi, na usipojibu au usipofika bila sababu ya msingi unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Kuhusu ndoa yako, hakuna kifungu kinachomzuia mke wa askari kukaa kwenye juri. Hata askari mwenyewe hazuiwi. Haikuwa hivyo zamani. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2004, polisi, majaji, mawakili na wengine ambao kazi yao ni kuendesha mashauri ya jinai walikuwa hawaruhusiwi kabisa, na kamati ya Lord Morris iliyotoa taarifa yake mwaka 1965 ilikuwa imeshikilia kwamba juri lazima lionekane wazi kuwa ni la watu wa kawaida wasio sehemu ya vyombo vya dola. Mwaka 2001 Jaji Robin Auld, aliyekabidhiwa kazi ya kuzipitia upya mahakama za jinai, alipendekeza vizuizi hivyo viondolewe, Bunge likakubali katika Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 2003, na kuanzia Aprili 2004 askari akaanza kuitwa kama mtu mwingine yeyote. Aliyelelewa na methali ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani ataliona tatizo kabla hata ya kumaliza kusoma kifungu. Haikupita miezi mitano kabla tatizo lenyewe halijafika mahakamani. (Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, na huko askari polisi bado hakai kwenye juri, ninayoyaeleza hapa ni ya England na Wales.)

Kutozuiwa na sheria, hata hivyo, si sawa na kufaa kwa kila kesi, na hapa ndipo swali lako la tatu linapopata uzito wake. Watu wanapolisikia neno upendeleo humfikiria mtu aliyekula rushwa au mwenye chuki iliyo wazi. Sheria ya Uingereza haihitaji kufika huko. Kipimo chake kiliwekwa na House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, mwaka 2001 katika shauri la Porter dhidi ya Magill: je, mtu wa nje, mwadilifu na mwenye kuujua ukweli wote wa jambo, akitazama, angeona kwamba upo uwezekano halisi wa upendeleo? Ona kwamba hatuulizwi kama mjumbe fulani alipendelea kweli. Hilo halichunguziki, kwa sababu yanayosemwa katika chumba cha juri ni siri na wajumbe hawatoi sababu za uamuzi wao. Jaji akihukumu vibaya utaisoma hukumu yake na kuonyesha alipokosea. Juri hutamka neno moja au mawili na kuondoka. Ndiyo maana mahakama huangalia uhusiano wa mjumbe kabla ya uamuzi na jinsi unavyoonekana, kuliko kujaribu kuingia moyoni mwake baada ya mambo kuharibika.

Ukaribu na polisi humgusa mjumbe kwa njia zaidi ya moja. Anaweza kumfahamu shahidi, jambo ambalo kila mtu hulitambua. Anaweza kuogopa maneno ya nyumbani au ya wenzake wa mumewe iwapo juri litamwachia huru mtu aliyeshtakiwa kwa kumpiga askari. Anaweza kuwa amezoea kusikia, wakati wa chakula cha jioni, jinsi washtakiwa wanavyodanganya, mpaka mtu aliye kizimbani akawa amekwisha kupoteza nusu ya kuaminiwa kwake kabla hajafungua mdomo. Na anaweza, bila kujua, kumpa askari aliyevaa sare mkopo wa kuaminika ambao hangempa muuza duka au dereva wa teksi. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwa maoni yangu, kwa kuwa halihitaji nia mbaya hata chembe. Mwenye nalo hudhani ni busara tu ya mtu anayewajua polisi.

Sasa tazama jinsi mahakama zilivyolishughulikia. Agosti 2004, katika mahakama ya Old Bailey jijini London, juri lilikuwa limekwisha kuingia chumbani kujadili shauri la kujaribu kuua lililowahusu Abdroikov na mwenzake, pale jaji alipoletewa kijikaratasi. Kiliandikwa na msemaji wa juri mwenyewe, ambaye alieleza kwamba ni askari polisi aliye kazini, na kwamba huenda Jumatatu ya sikukuu angetakiwa kwenda kulinda tamasha la Notting Hill, ambako angeweza kukutana na baadhi ya askari waliotoa ushahidi katika kesi ile ile aliyokuwa akiiamua. Hakuwa amevunja sheria yoyote. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kesi iliendelea, washtakiwa wakatiwa hatiani, na rufaa yao ikafika House of Lords pamoja na nyingine mbili zenye mfano huo.

Ya pili kati ya hizo, ile ya Green, ndiyo ningependa uielewe vizuri kuliko zote. Sajini wa polisi alimsimamisha mtu barabarani na kumpekua, akaingiza mkono mfukoni mwake na kuchomwa na sindano ya bomba la dawa. Mtu huyo alishtakiwa katika mahakama ya Woolwich kwa kumjeruhi sajini na kwa kukutwa na heroini. Kwenye jambo la msingi, yaani kilichotokea na kilichosemwa wakati wa upekuzi, sajini alisema lake na mshtakiwa akasema lake, na juri likalazimika kuchagua nani wa kumwamini. Baada ya hukumu ndipo upande wa utetezi ulipogundua, kwa bahati tu, kwamba mmoja wa wale 12 alikuwa askari aliyefanya kazi katika eneo lile lile la London. Yeye na sajini hawakufahamiana. Katika rufaa ya tatu, ya Williamson, mjumbe alikuwa wakili mwajiriwa wa ofisi ya mashtaka ileile iliyokuwa ikiendesha kesi.

Oktoba 2007 majaji waligawanyika watatu kwa wawili. Waliobaki katika uchache walisisitiza kwamba Bunge limekwisha kuamua polisi wakae kwenye juri, na kwamba mmoja kati ya 12 hawezi kuwaburuta wenzake 11 waliokula kiapo kile kile. Wengi wao, wakiongozwa na Lord Bingham, walimwacha Abdroikov na hatia yake kwa sababu kesi yake haikuwa na ubishi wa maana kati ya maneno ya askari na maneno ya mshtakiwa. Hatia ya Green waliibatilisha. Hoja ya Lord Bingham ilikuwa kwamba silika ya askari kuuamini ushahidi wa askari mwenzake kuliko ule wa mtumiaji wa dawa za kulevya, hata kama mwenyewe haijui kuwa anayo, ni chanzo halisi cha kukosekana kwa haki machoni pa mtu mwadilifu anayetazama. Ya Williamson nayo wakaibatilisha.

Linganisha Abdroikov na Green, kwa kuwa jibu lako limo katikati yao. Askari wawili, sare moja, jiji moja, wote wakiwa kwenye juri kihalali. Mmoja hakudhuru chochote, mwingine aliharibu kesi nzima. Hakuna aliyepima ni nani kati yao alilipenda zaidi jeshi lake. Kilichopimwa ni kama uamuzi ulisimama juu ya neno la askari. Mimi naona mgawanyo huo ni sahihi, ingawa wapo wanasheria wanaoulalamikia kwamba unafanya uhalali wa mjumbe utegemee jinsi ushahidi utakavyojitokeza, jambo ambalo mara nyingi halijulikani asubuhi ya siku ya kwanza. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini njia nyingine zilizopo ni kuwafungia milango wote wenye jamaa polisi, na hao ni wengi sana katika miji yetu, au kujifanya kwamba uhusiano huo haupo.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg iliongeza uzito wake mwaka 2011 katika shauri la Hanif na Khan dhidi ya Uingereza. Kesi ilihusu dawa za kulevya. Mjumbe mmoja, askari polisi, alimwarifu jaji baada ya kuanza kusikiliza ushahidi kwamba anamfahamu mmoja wa askari mashahidi na amewahi kufanya naye kazi. Alifanya alilopaswa kufanya, yaani alisema. Jaji alimhoji, akaridhika kwamba angeweza kuamua kwa haki, akamwacha abaki, na mwishowe akawa ndiye msemaji wa juri. Strasbourg ilisema haki ya kusikilizwa na mahakama isiyopendelea imevunjwa: palipo na ubishi wa maana juu ya ushahidi wa polisi, na mjumbe askari anafahamiana binafsi na shahidi askari, maonyo ya jaji kwa juri hayatoshi kuondoa shaka. Miaka mitatu baadaye, katika shauri la Armstrong, ambapo juri lilikuwa na askari mmoja aliye kazini na mwingine mstaafu, mahakama hiyo hiyo haikuona kosa, kwa kuwa kesi ile haikutegemea ubishi wa aina hiyo.

Utasema hao wote ni askari, na wewe si askari. Ni kweli, na hatua moja ya umbali ina maana yake kisheria. Kesi inayokukaribia zaidi ni ya Pintori, ambayo Mahakama ya Rufani iliiamua mwaka 2007. Hapo mjumbe hakuwa askari bali mfanyakazi wa kiraia wa polisi, aliyewafahamu baadhi ya askari walioshiriki katika upekuzi uliozaa mashtaka ya dawa za kulevya. Hatia ilibatilishwa. Funzo kwako ni kwamba sare haikuwa na kazi yoyote katika hoja ile. Kazi ilifanywa na kufahamiana. Ikiwa rafiki wa mumeo aliyekula pilau nyumbani kwako siku ya Idi ndiye atakayepanda kizimba cha mashahidi, basi uko karibu na Pintori kuliko na askari asiyemjua mtu yeyote katika kesi.

Kwa hiyo, je, useme? Ndiyo, na useme mapema. Barua ya wito inakutaka ujibu ndani ya siku 7, na inauliza zaidi habari zako wewe mwenyewe. Askari polisi wanaoitwa hutakiwa kutaja kazi yao na mahali wanapofanyia, na mwongozo wa mahakama unataka jaji aarifiwe kabla kesi haijaanza, ili ajue kama ushahidi wa polisi utabishaniwa. Wewe mke wa askari hukuwekewa utaratibu mkali kama huo. Hata hivyo nakushauri uieleze ofisi iliyokuita, kwa maandishi, kwamba mume wako ni konstebo wa kaunti hiyo na kituo anachofanyia kazi. Si lazima wakubadilishie chochote. Faida yake ni kwamba jambo hilo litakuwa limeandikwa mahali kabla ya kiapo, na hakuna atakayekuja baadaye kusema lilifichwa.

Nafasi ya pili, na iliyo muhimu zaidi, ni asubuhi ile mahakamani. Kikundi chenu mtaingizwa mkiwa zaidi ya 12, na karani atachota majina 12 kwa kura. Kabla ya kuapishwa, jaji au karani atawatajia jina la mshtakiwa na majina ya mashahidi, pengine na maeneo yanayohusika, na kuwauliza kama kuna anayewafahamu. Usikilize majina hayo kwa makini kuliko jambo lingine lolote siku hiyo. Ukisikia jina unalolijua, au hata unalodhani umewahi kulisikia mezani kwako, au kituo anachofanyia kazi mumeo, inua mkono au mpe karatasi mhudumu wa mahakama, yule mwenye joho jeusi, naye atampelekea jaji. Sentensi mbili zinatosha: “Mume wangu ni konstebo katika kituo fulani. Nimesikia jina la sajini fulani, ambaye ni mwenzake wa zamu na hufika nyumbani kwetu.” Usiongeze maoni kwamba unadhani utaweza kuwa wa haki au hutaweza, toa mambo yenyewe, uamuzi ni wa jaji. Mtu anayejitetea mapema kwamba hapendelei huwa hajatoa habari yoyote inayoweza kupimwa.

Usitegemee mawakili wakuhoji kama unavyoona kwenye tamthilia za Marekani. Kule, mawakili wa pande zote huwauliza wajumbe kama wana ndugu katika polisi na kama wangeuamini ushahidi wa askari kuliko wa mtu mwingine, na katika majimbo mengi kila upande una idadi ya wajumbe unaoweza kuwaondoa bila kutoa sababu. England iliondoa haki hiyo ya utetezi kwa Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988. Sasa pingamizi lazima liwe na sababu, na wakili hawezi kuwa na sababu asipojua lolote juu yako. Nyumbani Tanzania, kwenye mashauri ya Mahakama Kuu yanayosikilizwa na washauri wa mahakama (raia wanaokaa na jaji na kumpa maoni yao), mshtakiwa huulizwa kama ana pingamizi dhidi ya mshauri yeyote, na Mahakama ya Rufani imesisitiza utaratibu huo mara kwa mara (Kenya iliachana na washauri hao mwaka 2007). Hapa England naye huambiwa kwamba anaweza kupinga. Lakini anapinga nini, ikiwa anachokiona ni sura tu na jina lililosomwa na karani? Pengo hilo linazibwa na mjumbe mwenyewe au halizibwi kabisa, na ndiyo sababu nasema jibu la “ningoje niulizwe” halifai, hata kama sheria haikuamuru kwa maneno hayo.

Wenzetu walioko Marekani wajue pia kwamba kule kukaa kimya hakuna matokeo yale yale. Mwaka 1982, katika shauri la Smith dhidi ya Phillips, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuta kwamba mjumbe wa juri katika kesi ya mauaji alikuwa ameomba kazi ya upelelezi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wakati kesi ikiendelea, na waendesha mashtaka walijua na hawakusema mpaka baada ya uamuzi. Hata hivyo hatia haikufutwa, kwa kuwa mahakama ile ilisema dawa ni kufanya uchunguzi wa kuona kama mjumbe alipendelea kweli. Kwa macho ya Kiingereza, ambayo hutazama uwezekano unaoonekana, matokeo hayo yanashangaza.

Sasa shemeji yako. Amekosea kuhusu matokeo, na ushauri wake una hatari. Ukitaja kwamba mumeo ni polisi, jaji anaweza kukubakiza, na katika kesi nyingi atakubakiza: kesi ya ulaghai wa hundi kati ya wabia wawili, kwa mfano, ambayo askari anakuja tu kueleza lini alipokea nyaraka na hakuna anayembishia. Anaweza pia kukuondoa katika kesi hiyo na kukurudisha kwenye chumba cha kusubiri uingizwe katika nyingine, kwa kuwa wito wa kawaida ni wa siku 10 za kazi na mahakama huwa na kesi zaidi ya moja. Kuondolewa kwenye kesi moja si kuachiliwa huduma. Na kama mtu anautia chumvi uhusiano wake ili tu aepuke, akasema anamjua shahidi asiyemjua, hapo ameidanganya mahakama, na hilo huadhibiwa.

Ningependa pia kuligusa jambo ambalo hukuliuliza lakini ambalo wasomaji wetu wengi watakuwa wakilifikiria. Uhusiano na polisi hauelekei upande mmoja tu. Kijana ambaye amesimamishwa na kupekuliwa barabarani mara kwa mara bila kukutwa na kitu, mama ambaye mwanawe alikamatwa na kuachiliwa bila mashtaka, mtu aliyekimbia nchi ambayo askari wake walimtesa, wote hao huja na uhusiano wao, na unaweza kuwa mzito kuliko wa ndoa. Sheria haiwazuii, na isiwazuie, kwa maana juri la watu wasiowahi kuguswa na polisi kwa heri wala kwa shari lingekuwa juri la ajabu. Kipimo ni kile kile. Aliyewahi kukamatwa na askari fulani na sasa anaona jina la askari huyo kwenye orodha ya mashahidi anapaswa kumwandikia jaji kama vile wewe unavyopaswa kuandika kuhusu mwenzake mumeo. Aliyebaki na uchungu wa jumla tu anapaswa kujiuliza kwa dhati kama atampa askari nafasi ile ile ya kuaminika anayompa shahidi mwingine, na akiona hawezi, aseme.

Mambo yakienda na ukaapishwa, kazi yako kubwa inahamia nyumbani. Kiapo chako ni cha kumhukumu mshtakiwa kwa uaminifu na kutoa uamuzi wa kweli kulingana na ushahidi, na ushahidi ni ule uliotolewa mbele yenu wote 12. Tangu marekebisho ya mwaka 2015, ni kosa la jinai kwa mjumbe kutafuta habari za kesi yake kwa makusudi nje ya mahakama, na sheria imetaja kinagaubaga kwamba kutafuta habari ni pamoja na kumuuliza mtu swali, kupekua intaneti, kutembelea mahali pa tukio au kumtuma mwingine akuulizie. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka 2. Mke wa askari yuko katika hatari ya pekee hapo, kwa kuwa swali lenyewe huonekana dogo sana. Mnaosha vyombo, na wewe unauliza kama ni kawaida askari kuandika maelezo yake siku mbili baada ya tukio. Mumeo atakujibu kwa nia njema, kutokana na uzoefu wake wa kazi, na tayari umepokea ushahidi ambao mshtakiwa hakuusikia na wakili wake hakuweza kuuhoji. Ukiurudisha chumbani kesho yake na kuwaambia wenzako, umeongeza kosa la pili.

Kwa sababu hiyo hiyo usimpigie mumeo simu kumuuliza kama anamfahamu shahidi fulani. Mweleze jaji unachokijua wewe mwenyewe, pamoja na shaka yako, basi. Mwambie mumeo tangu siku ya kwanza kwamba mazungumzo ya kazi yake yamesimama mpaka utakapomaliza, na naye, akiwa askari, ataelewa upesi kuliko mume mwingine yeyote. Na kama katikati ya kesi, hata baada ya kuingia chumba cha majadiliano, utagundua kwamba askari anayezungumziwa ndiye yule wa siku ya Idi ambaye ulimjua kwa jina la utani tu, andika karatasi na umpe mhudumu mara moja. Mwandike jaji jambo hilo peke yake. Usiandike mjadala umefika wapi wala kura zimegawanyikaje, kwa kuwa hayo jaji mwenyewe hapaswi kuambiwa. Kumpoteza mjumbe mmoja si lazima kuvunje kesi; sheria inaruhusu juri kuendelea mradi wajumbe wasipungue 9.

Uamuzi ukishatolewa, mumeo atataka kujua, na labda wenzake watamtania mpaka akuulize. Yaliyosemwa mahakamani mbele ya watu wote unaweza kumsimulia: mashtaka yalikuwa nini, mashahidi walisema nini, hukumu ilikuwaje. Yaliyosemwa chumbani, nani alisitasita, nani alimwamini askari na nani hakumwamini, na wewe mwenyewe ulipiga kura upande gani, hayo huruhusiwi kumwambia mwezi ujao wala miaka ishirini ijayo, na kuwa kwake polisi hakubadilishi chochote.